Kitanda Ndani ya Kochi

Mwanawetu ni wifi yangu, dada wa mume wangu Sadala, na sitawadanganya kwamba tulipendana tangu siku ya kwanza. Wifi ni wifi. Nilipoletwa Mahege kutoka kwetu Ruaruke, yeye bado hajaolewa, alinitazama nikisonga ugali akatangaza kwamba kaka yake hakuoa mke bali fundi mwashi, maana kwa ugali ule mtu angeinua ukuta. Nami nikamjibu kwamba ukuta si haba, kwa kuwa wali wake yeye ulikuwa wa kunywa kwa kikombe. Tuliishi hivyo, tukirushiana maneno huku tukipakuliana chakula. Kwa hiyo nikisema alidhulumiwa, mjue anayesema si shoga yake.

Baba yao, Mzee Mbonde, alikuwa Mmatumbi aliyeshuka kutoka vilima vya kusini akiwa kijana, akavuka mto kwa kivuko, akafyeka pori la Mahege na kupanda mikorosho. Mtoto wa kike alikuwa naye mmoja tu. Mwanawetu alipoposwa, mzee alibeba mpunga wake hadi Kiongoroni, kule deltani karibu na bahari, yeye ambaye maji ya chumvi aliyaogopa kuliko nyoka, akabadilisha mpunga kwa mbao za mkomafi. Mkomafi ni mti unaoota kwenye mikoko, na mchwa hawaugusi. Kitanda alikichonga mwenyewe: matendegu manne manene ya kusimamia, vitakizo viwili, cha kichwani na cha miguuni, na mifumbati miwili, yaani zile mbao ndefu za ubavuni zinazombeba mtu. Mifumbati aliiacha mirefu kupita kawaida, kwa sababu ukoo wao wote ni watu warefu. Akakisuka kwa kamba za ukindu.

Siku ya harusi alisimama mbele ya watu akasema, "Binti yangu anakwenda na kitanda chake. Akirudishwa, atarudi na kitanda chake. Hatalala mkeka wa wifi yake."

Watu walicheka wakinitazama mimi, niliyekuwa nikiwanawisha mikono. Nilicheka nao, lakini neno lile lilinikaa rohoni. Miaka ilipita ndipo nikaelewa kwamba mzee hakunisema mimi. Dada zake mwenyewe waliachwa, wakarudi kwao mikono mitupu, wakazeekea jikoni kwa wake za kaka zao, wakilala walipoambiwa walale. Yeye aliyaona hayo akiwa mtoto, na hakutaka kuyaona tena.

Aliyemuoa ni Twalibu wa Kibiti. Mwanzoni alikuwa mchuuzi tu wa chumvi na sabuni, mtu wa kuheshimu kila anayempita. Kisha biashara ikafunguliwa. Shirika lililokuwa likinunua korosho peke yake likafa kifo cha taratibu, na wenye pesa wakaanza kuja kutoka Dar es Salaam na mizani zao. Twalibu akawa mtu wao, anazunguka vijijini, anakusanya korosho, anapata chake. Baada ya misimu michache akawa na bati juu, saruji chini, redio ya kaseti, na kitanda kipya chenye sponji nene. Kitanda cha mkomafi kikahamishiwa chumba cha uani, kikawa cha kuwekea magunia.

Makochi aliyapata kwa Ebenezer. Huyu alikuwa ofisa wa lile shirika, Mpare mstaarabu, mkewe Wilhelmina akifundisha shule ya msingi. Ebenezer alipopunguzwa kazini waliuza kila kitu ili warudi kwao Same, na nasikia yule mama alipoona makochi yake yanapakiwa kwenye mkokoteni aligeukia ukutani asiyatazame. Twalibu aliyapanga sebuleni, akaamuru vifumwe vitambaa vya kuyafunika, akawa anakaa pale na wageni wake akikunja nne. Hakujiuliza mwenye makochi alikwenda wapi, wala sidhani alipata kujiuliza jambo la namna hiyo maishani mwake.

Mwanawetu naye alikuwa na yake. Mimba mbili zilitoka. Ya tatu ilizaliwa, mtoto akakaa siku chache akaenda zake. Baada ya hapo kimya. Twalibu hakumtukana, hilo nampa haki yake, ila aliacha kumsemesha. Aliingia, akala, akatoka. Mwanamke anaijua maana ya kimya cha namna hiyo. Wifi yangu akaanza kuitumikia nyumba ile kana kwamba nyumba ndiyo itakayomwombea: akasugua sakafu, akapaka chokaa, akapanda maua kwenye makopo ya mafuta. Nilipokwenda kumtembelea nilimtania kwamba amekuwa mtumishi wa hospitali. Hakunirudishia neno, nikajua mambo si mazuri.

Basi kochi kubwa, lile la watu watatu, likaanza kubonyea. Kwanza ukikaa katikati linalia. Kisha likaanza kuzama, hata mgeni mzito akishakaa inabidi apewe mkono ndipo ainuke. Siku moja mnunuzi mmoja kutoka mjini alizama mpaka magoti yakakaribia kidevu, chai ikammwagikia kwenye suruali. Twalibu alicheka mbele yake. Mgeni alipoondoka alimwambia mkewe kwamba nyumba yenye kochi la namna ile ni nyumba ya aibu, kwamba Ijumaa ya wiki inayofuata atakuwa na wageni wakubwa, na kwamba anataka wakute kochi limesimama. Kisha akapanda lori, akaenda zake vijijini. Yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyomwambia mwaka ule, na Mwanawetu, maskini, aliyashika akayafanya ahadi.

Kazi yenyewe alinihadithia baadaye, tukimenya mihogo, na aliisimulia kwa raha, jambo lililonitia uchungu zaidi. Alilitoa kochi uani akisaidiwa na jirani yake, Bibi Mwantum, mjane mzee. Wakalipindua miguu juu. Akakichana kile kitambaa cheusi cha chini, na unga mwepesi wa mbao ukammwagikia miguuni. Wadudu walikuwa wamelila kwa ndani. Mbao ya mbele, inayobeba uzito wa wanaokaa, ilikuwa imepasuka katikati. Ya nyuma ilionekana nzima, lakini ukiibonyeza kidole kinaingia. Mikanda ya mpira iliyokazwa chini ya sponji ilikuwa imelegea, mingine imeng'oka na misumari yake.

Alijaribu njia ya mkato kwanza, akaweka tofali chini ya mpasuko. Kochi likasimama, lakini alipokaa lililalia upande, na tofali lenyewe lilionekana tangu mlangoni. Akatafuta mti wa mkoko, bado mbichi, akaupigilia mahali pa mbao ya mbele. Jua likaukausha, ukapinda, ukang'oa misumari yote. Akaenda kwa Shedrack, seremala wa kando ya barabara, naye akamwambia mbao kavu hana, zinakwama kwenye kizuizi cha barabarani kwa kukosa kibali, na chache alizonazo ni za majeneza yaliyokwisha kuagizwa. Tena hata angepata mbao, asingeweza kumwingiza fundi mwanamume ndani na mume yuko safarini, majirani wangekula na kushiba kwa habari hiyo. Na Ijumaa ilikuwa inakaribia.

Ndipo alipoingia chumba cha uani kuchukua gunia, akakitazama kitanda. Mbao nzito, nyekundu, kavu, ambazo hakuna mdudu aliyezionja. Akahamisha magunia. Akafungua kamba za ukindu, akazikunja vizuri, akagongagonga matendegu mpaka mifumbati ikachomoka. Bibi Mwantum alipomwona anatoka nayo mabegani alikaa chini. Kwa watu wetu mwanamke anaweza kukosa sufuria, anaweza kukosa kanga ya kubadili, lakini kitanda alichopewa na baba yake hakiuzwi, hakiazimwi, na hakikatwi. Ndiyo akiba yake ya mwisho.

"Ukikikata hicho, siku ya siku utalalia nini, mwanangu?" bibi akauliza.

"Kitanda cha kurudia ni cha mtu anayepanga kurudi," Mwanawetu akasema. "Mimi sirudi, bibi."

Hapo ndipo wifi yangu alipokosea. Alidhani ukimwonyesha mtu kwamba huna pengine pa kwenda, atakuhurumia. Wapo wanaohurumia. Wengine wanaona nafasi.

Akaazima msumeno kwa Shedrack. Mifumbati ilikuwa mirefu kuliko kochi kwa kadiri ya mkono mzima, kuanzia begani hadi ncha za vidole, basi akaikata yote miwili. Mkomafi si mti wa mchezo; viganja vilimtoka malengelenge. Akazing'oa taratibu zile mbao zilizooza, akinyoosha misumari ya zamani juu ya jiwe ili itumike tena. Matundu ya misumari aliyatoboa kwanza kwa msumari uliotiwa motoni, kwa sababu mbao ngumu ukiigonga hivi hivi inapasuka. Mfumbati mmoja akauweka mbele, wa pili nyuma, akaukaza kila mmoja kwenye miguu ya kochi mpaka haukutikisika. Kisha akakata tyubu kuukuu za baiskeli ziwe mikanda, akaivuta kwa nguvu zake zote, akaipishanisha mmoja juu mmoja chini, namna baba yake alivyokuwa akisuka ukindu. Akarudisha sponji, akarudisha kitambaa. Akakaa katikati, akarukaruka kidogo kama mtoto. Kochi halikusema kitu.

Mbao za zamani alizigongomea kwenye banda la kuku, maana alikuwa mtu asiyetupa kitu. Vile vipande viwili vya mkomafi alivyovikata vilikwenda jikoni, na Ijumaa vikaivisha pilau ya wageni.

Wageni walikuja baada ya sala, na hawakuwa watu wa korosho. Mkubwa wao, bwana mnene kutoka Ikwiriri, alijitupa katikati ya kochi kwa kishindo. Kochi likampokea. Mwanawetu alikuwa nyuma ya pazia na sinia mikononi, na aliniambia kwamba wakati ule moyo wake ulifurahi kweli. Kisha akamsikia yule bwana akipigapiga ubao wa mbele kwa kiganja.

"Nyumba imetulia, na vyombo vyake vya uhakika," bwana akasema. "Ntoto wetu atakaa hapa bila shida. Ila tulishasema, uke wenza hapana."

Twalibu akajibu kwamba hilo wamwachie yeye. Mwanawetu akaingia na sinia, akapiga magoti, akawanawisha mikono wote, akatoka. Pilau waliisifu sana. Mpaka leo nikifika hapo katika kuyasimulia haya hasira zinanipanda, si kwa sababu mwanamume ameoa, wanaume wameoa tangu dunia ianze, bali kwa sababu walimfanya aipambe nyumba ya mwenziwe kwa kitanda chake mwenyewe.

Talaka ilikuja kabla korosho hazijaanza kuokotwa, kwa mdomo, mbele ya mashahidi, na kwa sauti ya upole. Sadala na mimi tulipata lori la mkaa tukaenda kumchukua. Tulikuta wazee wameitwa ili mambo yaishe kiungwana. Mzee Mohamedi wa msikitini na wenziwe wawili walikuwa wameketi juu ya lile kochi, Twalibu kwenye kiti cha pembeni, Mwanawetu chini kwenye mkeka, kichwa amekifunika. Mzee Mohamedi akasema mwanamke achukue kilicho chake. Vikatolewa vyungu, mikeka, sanduku la nguo. Akasema na kitanda chake kitolewe, maana pale Kibiti nani hakukijua. Sadala akaenda chumba cha uani, akarudi na matendegu, vitakizo na furushi la kamba, akauliza mifumbati iko wapi.

"Mmeikalia," Mwanawetu akasema.

Wazee wakatazamana. Mmoja aliinuka nusu, kisha akaketi tena. Mwanawetu akaeleza kwa maneno machache akitazama sakafu, na Bibi Mwantum akaitwa akashuhudia. Twalibu akasema yeye hakumtuma mtu kukata kitanda. Aliagiza kochi litengenezwe, nalo likatengenezwa, na kilichopigiliwa kwenye mali ya mtu ni cha mwenye mali. Hata hivyo, kwa kuwa yeye si mtu wa ugomvi, mbao atazilipa. Mwanawetu akasema hauzi. Mzee Mohamedi alifikiri akihesabu tasbihi, halafu akatoa hukumu ambayo naamini aliiona ya busara.

"Chukua mbao zako, mwanangu," akasema, "lakini umrudishie mwenzio kochi lake kama ulivyolikuta. Ukishindwa, ziache, upokee fidia."

Nilifungua mdomo, Sadala akanikanyaga mguu. Watu wazima wale walijua vizuri kwamba mbao zikitolewa kochi haliwezi kusimama, na kwa hiyo shauri lilikwisha. Twalibu alikuwa ameanza kuvaa kofia yake.

"Nililikuta limevunjika," Mwanawetu akasema. "Nitamrudishia limevunjika."

Akatoka uani, akabomoa banda la kuku. Kuku wakatawanyika, na zile mbao za Ebenezer zikarudi ndani zimeganda mavi. Wazee ikabidi wahamie mkekani. Akalipindua kochi, akaanza kuing'oa misumari mmoja mmoja, bila haraka, bila kupasua chochote, akiipanga juu ya kanga yake. Akaitoa mifumbati. Akazirudisha mbao zilizooza mahali pake, ule mpasuko katikati kama ulivyokuwa, akazipigilia. Hakuna mwanamume aliyemsaidia, hata mume wangu aliwaonea haya wazee. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpa misumari. Alipomaliza alilisimamisha, akatandika vile vitambaa vya kufuma, akalibonyeza katikati kwa kiganja. Kochi likazama. Mzee Mohamedi aliangalia pembeni, akasema haki imetendeka, tusome fatiha tuondoke.

Nasikia mke mpya alipoingia alikuta kochi limewekewa tofali.

Juu ya lori nilikuwa nimejawa na ushindi. Nilimpigapiga wifi yangu mgongoni nikamwambia leo amewakalisha chini watu wazima. Alikuwa amepakata mifumbati, mkono wake uko pale palipokatwa, anapapasa. Nami nikatazama, nikaona ilivyopungua, nikauondoa mkono wangu mgongoni mwake.

Wakati ule Mzee Mbonde alikuwa haoni tena kwa mtoto wa jicho. Tulipofika Mahege alitujua kwa hatua zetu. Hakumuuliza bintiye kama amekula wala kama anaumwa. Aliuliza, "Kitanda kimerudi?"

"Kimerudi, baba," Mwanawetu akasema.

Mzee akataka kukishika. Akaambiwa asubiri kisukwe. Sadala akachonga ndimi mpya kwenye ncha zilizokatwa ili ziingie kwenye matendegu, na hiyo nayo ikala mbao kidogo. Kitanda kikasimama, imara, ila kifupi. Mtoto wa shule angekilalia akatoshea. Kilipokwisha kusukwa Mwanawetu alimshika baba yake mkono, akampeleka upande wa kichwani tu, akampapasisha tendegu, akampapasisha kitakizo na mwanzo wa ubavu, akamrudisha. Mzee alicheka kwa ufizi.

"Sasa nimetulia," akasema. "Siku yangu ikifika, nioshewe juu ya hiki. Mimi nilikibeba kutoka Kiongoroni, na chenyewe kinibebe."

Kwetu maiti huoshewa juu ya kitanda cha kamba, maji yakapenya yakaingia kwenye ufuo, shimo linalochimbwa chini yake. Ni ombi la kawaida, na mzee aliliomba kwa furaha. Mwanawetu alitoka chumbani mle uso umemwiva, akaenda kukaa nyuma ya jiko peke yake.

Tangu hapo alikilalia kitanda kile kwa kukunja miguu. Nilimtandikia mkeka wangu mpya, mrefu, wa kutosha watu wawili. Akaniambia baba yake alikwisha kusema asilale mkeka wa wifi. Alilisema kwa utani, na hakuna aliyecheka kati yetu. Alikusudia kwenda Kiongoroni mwenyewe, kama baba yake alivyokwenda, akatafute mkomafi wa urefu ule ule kabla siku ya mzee haijafika. Sadala akasema tuunge tu kwa vipande vya mwembe. Lakini kuunga kunataka nyundo, na mzee macho hakuwa nayo, masikio alikuwa nayo. Angeuliza kinachogongwa ni nini, na kitanda si kimekwisha. Mimi nikamwambia wifi, mweleze baba yako ukweli, ni mzazi, atasamehe.

"Kusamehe atasamehe," akasema. "Ila amebakiwa na furaha hiyo moja, wifi. Unataka nimpokonye?"

Ndipo zikaja mvua za Elnino. Mto ukavimba ukameza mashamba, njia ya Ruaruke ikawa maji matupu, na tukasikia kwamba watu wa chini huko wamehamia juu ya madungu, vile vibanda vya kulindia mpunga. Hakuna aliyethubutu kwenda Kiongoroni, wala aliyetoka huko. Mwanawetu alikuwa akiamka anasimama mlangoni, anaangalia mawingu, anarudi ndani. Unyevu uliingia hadi kwenye nguo. Mzee akashikwa na kifua. Hakuugua sana. Alifariki asubuhi, mvua inanyesha, mkono wake uko mkononi mwa binti yake.

Wanaume wakachimba ufuo chumbani kwake, wakafunga shuka mlangoni, wakakiingiza kitanda. Sadala alijaribu kuwaambia watafute kingine, wakamjibu kwamba marehemu alikwisha kuusia, kila aliyekwenda kumwamkia alimsikia, na wosia wa maiti hauchezewi. Sisi wanawake tulikuwa tumekaa kwenye mikeka ukumbini. Wenzangu walikuwa wakilia. Mwanawetu hakulia. Alikaa wima, anasikiliza. Tukasikia wanamwinua mzee. Tukasikia wanamlaza. Kisha ikaja minong'ono ya watu wanaojaribu jambo huku na huku, wanamvuta juu, wanamshusha chini.

Sauti ya mwoshaji ikatoka nyuma ya shuka. "Kitanda hakimtoshi. Leteni kitu cha kuwekea miguu."

Nilitaka kuinuka mimi. Mwanawetu akaniwahi. Alikwenda jikoni, akarudi amebeba kinu, akakiinamisha akakipitisha chini ya shuka, na mkono wa mtu ukakipokea. Akabaki amesimama palepale, uso karibu na shuka, mpaka maji yalipoanza kumwagika.

Aliporudi alikaa ubavuni mwangu, magoti yetu yakagusana.

"Baba yangu alikuwa mrefu sana," akasema.

Nikamwambia ndiyo, alikuwa mrefu.